Mfalme mwenye ofisi ya ardhi

Mjomba wangu wa Muleba ana swali moja ambalo hachoki kulirudia kila tukiongea kwenye simu: mfalme wa Waasante huku Ghana nimeshamwona? Nimemwona, mjomba, tena kwa karibu kiasi cha kuona pete za mkono wake wa kulia. Lakini nikimwambia kwamba mfalme huyu nimemfahamu zaidi kupitia mihuri ya ofisi yake ya ardhi kuliko kupitia dhahabu, ananyamaza kidogo, halafu anauliza habari za mvua.

Mimi ni mpima ardhi. Nilikuja Kumasi, mji wa mfalme huyo, kusoma shahada ya uzamili pale KNUST, chuo kilichojengwa juu ya ardhi aliyoitoa mfalme, Prempeh II, na ambacho Mkuu wake leo ni mfalme aliyepo, Otumfuo Osei Tutu II (Otumfuo ni jina lake la heshima). Ukisoma ardhi katika mji huu humkwepi. Kwetu Tanzania tunafundishwa siku ya kwanza kwamba ardhi yote ni ya umma na mdhamini wake ni Rais. Huku katiba ya 1992 inasema ardhi ya kigoda iko mikononi mwa kigoda, kwa niaba ya watu wake. Kigoda ndicho kiti cha chifu, na juu ya vigoda vyote vya Waasante kuna Kigoda cha Dhahabu, Sika Dwa Kofi, na anayekilinda ndiye Asantehene, yaani mfalme wao. Kwa hiyo ukitaka kujenga Kumasi hununui ardhi. Unakodishiwa: mwananchi wa Ghana hadi miaka 99, mgeni kama mimi isiyozidi 50.

Haya yote nilikuwa nayo kwenye daftari. Nilikuja kuyaelewa pale mama mwenye nyumba wangu alipoibiwa kiwanja.

Namwita Maame, kama wanavyomwita wapangaji wote. Anauza vitenge sokoni Kejetia, na kwa miaka amekuwa akijiwekea akiba ya kujenga nje ya mji. Alikwenda kwa chifu wa kijiji kimoja cha pembezoni (sitakitaja), odikro wanavyomwita, akatoa kile kinachoitwa pesa ya kinywaji, akapewa barua ya mgao na ramani. Pesa ya kinywaji zamani ilikuwa kinywaji kweli, chupa mbili tatu za schnapps, pombe kali, za kumshukuru mwenye ardhi na kuwatambikia mababu. Leo ni bei ya kiwanja, ila jina limebaki lile lile. Maame alipopata hela ya matofali akaenda na fundi, akakuta msingi umeshachimbwa na nguzo nne zimesimama. Mwenye nguzo naye alikuwa na barua. Sahihi ni ile ile.

Aliniomba nimsomee zile ramani mbili kwenye meza yake ya kulia chakula. Yake ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko umewekwa ndani ya Biblia, karibu na Zaburi. Namba za viwanja zilikuwa tofauti, ndiyo maana kila mtu alijiona salama. Lakini koordineti zilikuwa zile zile. Kijiji kilichorewa mchoro mpya wa mipangomiji, viwanja vikapewa namba mpya, na katikati ya mchoro wa zamani na mchoro mpya mtu akapata nafasi ya kuuza mara mbili. Ujanja huu naujua. Nimeukuta Dar es Salaam, na huko hakuna chifu.

Polisi walisema ni kesi ya madai. Wakili akataja miaka. Ndipo kaka yake Maame, mzee mpole asiyependa maneno mengi, akasema twendeni Manhyia.

Manhyia ndiko iliko ikulu ya Asantehene. Mgeni anayefika kwa basi la watalii anaonyeshwa jumba la makumbusho na tausi wanaotembea bustanini. Sisi tulielekea upande wa watumishi, kwenye benchi, na bahasha zetu mapajani. Utaratibu ni kwamba barua ya mgao kutoka kwa chifu wa kijiji haina nguvu mpaka ithibitishwe na sekretarieti ya ardhi ya Asantehene. Bila hapo, Tume ya Ardhi ya serikali haikuandikii hati ya ukodishaji. Barua ya Maame haikuwa na muhuri wa Manhyia. Odikro alimwambia hayo yatakuja baadaye. Tukaambiwa, kwa sauti ya chini, kwamba ya mwenzake nayo haikuwa nao.

Karani mmoja, baada ya kuandika majina, akaniuliza natoka wapi. Tanzania. Kuna wafalme huko? Nikamwambia walikuwepo, kwetu Kagera tulikuwa nao Abakama, lakini serikali ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Akaweka kalamu chini.

"Sasa mkigombania kiwanja mnakwenda kwa nani?"

Nikamwambia tuna mabaraza ya ardhi ya kata na ya wilaya. Akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba nimemwambia kwetu hakuna hospitali.

Sikumbishia, ingawa ningeweza. Babu yangu alikuwa mpangaji kwenye shamba la nyarubanja, akilima migomba ambayo sehemu ya faida yake ilikwenda kwa bwana shamba aliyepewa ardhi ile na mfalme. Utaratibu ule ulipofutwa miaka ya 1960, nyumbani kwetu hakuna aliyelia. Kwa hiyo nimekuja Kumasi na kinyongo kidogo cha kurithi, na mengine nitakayosema hapa yapimwe kwa hilo.

Mfalme mwenyewe hakuzaliwa akijua atakalia ofisi hii. Alizaliwa 1950, jina lake Kwaku Duah, akasomea uhasibu Accra, akaishi na kufanya kazi Uingereza na Kanada, akarudi Ghana akafungua biashara ya usafirishaji. Mfalme aliyemtangulia, Opoku Ware II, alipofariki Februari 1999, yeye ndiye aliyechaguliwa, na tarehe 26 Aprili mwaka huo akawa Asantehene wa 16. Anayependekeza jina la mfalme ni malkia mama, Asantehemaa, na wakati ule Asantehemaa alikuwa Nana Afia Kobi Serwaa Ampem II, mama yake mzazi. Mama huyo alifariki 2016 akiwa na umri wa zaidi ya miaka mia. Nafasi ikaenda kwa dada wa mfalme, Nana Konadu Yiadom III, ambaye naye amefariki Agosti 2025.

Kwa Waasante damu inayorithisha ni ya mama. Watoto wa mfalme si wa ukoo wake wa Oyoko, kwa hiyo kigoda hakiendi kwa mwana wa mfalme bali kwa ndugu yake wa tumbo moja, au kwa mtoto wa dada. Nilimweleza mjomba kwamba kwa desturi za huku mrithi wake ningekuwa mimi na si wanawe. Akacheka mpaka akakohoa. "Njoo basi uchukue na deni la pikipiki."

Kazi ya Otumfuo ambayo mtu wa kawaida wa Kumasi anaijua sana ni kusikiliza. Alipoingia madarakani aliwataka watu waondoe mahakamani migogoro ya uchifu na ardhi waipeleke Manhyia, na wengi wakafanya hivyo. Vikao vya baraza, Asanteman Council, hurushwa na Opemsuo, redio iliyoko hapo hapo ikulu, na vipande vyake vinazunguka kwenye simu. Maame husikiliza akiwa anapima vitambaa, na wateja wake husimama bila kununua kitu mpaka hukumu itoke. Sijawahi kuona kesi ya mipaka ikifuatiliwa kama mechi ya derby.

Mwenye shauri hasemi na mfalme moja kwa moja. Anasema na okyeame, msemaji wa mfalme, anayeshika fimbo yenye sanamu ya dhahabu kichwani, na maneno yanapita kwake kwenda na kurudi. Kwa sikio la Mswahili inaonekana ni kupoteza muda, maana mfalme ameketi hatua chache tu na amesikia kila kitu. Lakini nimekaa nikatazama, nikaona faida yake. Mtu aliyekuja na hasira anapolazimika kumweleza mzee mwingine shida yake, taratibu, hasira inapungua njiani. Matusi nayo hayafiki, kwa sababu okyeame huyalainisha. Chifu anayeshtakiwa husimama nguo yake ameishusha begani, miguu mitupu. Mfalme huweza kukaa kimya muda mrefu kabla ya kuuliza lolote. Wazee wa baraza wanahoji. Akipatikana na kosa chifu hutozwa faini ya kondoo, schnapps na fedha. Kosa likiwa zito anavuliwa uchifu, na alama ya kuvuliwa ni kutolewa makubazi, miguu iguse ardhi. Wapo machifu waliopoteza vigoda vyao kwa kuuza ardhi hovyo, na wengine kwa kufumbia macho galamsey, uchimbaji haramu wa dhahabu uliogeuza mito ya mkoa huu kuwa tope la rangi ya chai ya maziwa.

Kuna kiapo kikubwa, ntam kese. Mtu akikiapa katika ugomvi, shauri linatoka mikononi mwa wadogo na lazima lifike kwa mfalme. Kiapo chenyewe kinagusa msiba wa kale wa taifa, na watu hawautamki waziwazi. Kaka yake Maame alitaka kukiapa siku ya kwanza. Dada yake akamziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu atakayeapa na kushindwa analipa sana.

Haya yanafanyika bila jeshi wala polisi wa mfalme. Katiba inamtambua chifu lakini inamkataza siasa za vyama. Mamlaka ya kutoza kodi hana. Ukimuuliza Maame kwa nini odikro amtii mfalme asiyeweza kumfunga, anakutazama kama umeuliza kwa nini mtoto amtii bibi yake. Mimi nina jibu la kikazi zaidi: odikro anamtii kwa sababu mfalme anaweza kumtoa kwenye kigoda, na asiye na kigoda hana cha kugawa.

Nje ya Asante pia wanamwita. Mwaka 2002 mfalme wa Dagbon huko kaskazini, Ya Na Yakubu Andani II, aliuawa pamoja na watu wake katika ugomvi wa nyumba mbili za kifalme. Serikali ikaunda kamati ya wafalme watatu: Otumfuo akiwa mwenyekiti, pamoja na Nayiri wa Mamprugu na Yagbonwura wa Gonja. Ilichukua hadi Januari 2019 kupata Ya Na mpya aliyekubaliwa. Miaka kumi na saba. Mwanasiasa gani angevumilia kukaa na shauri moja kupita awamu nne za marais? Kisha akaombwa kusuluhisha Bawku, ugomvi wa Wakusasi na Wamamprusi ambao umeua watu wengi zaidi. Wapo waliohoji mtu wa kusini anajua nini huko. Kwa maoni yangu ugeni wake ndio uliosaidia Dagbon: hakuna aliyeweza kusema ni binamu wa mtu.

Sasa dhahabu, maana najua ndiyo mliyoijia.

Akwasidae ni Jumapili inayorudi kila baada ya siku 42. Asubuhi kuna tambiko ndani, kwenye vigoda vilivyotiwa weusi vya wafalme waliotangulia. Huko wageni hatuingii. Baadaye mfalme anatoka uwanjani na kukaa chini ya mwavuli mkubwa kama paa la kibanda, ngoma za fontomfrom zikipigwa mpaka unazisikia mbavuni kabla ya masikioni, na vijana wanapuliza pembe za ndovu. Mbele yake wameketi watoto walioshika panga zenye mipini ya dhahabu. Mkono wa mfalme umebeba bangili na madonge ya dhahabu mengi kiasi kwamba mhudumu anaushikilia kwenye kifundo anapousogeza. Nilikuwa kwenye mstari wa wageni, shati la kitenge la Maame mwilini, mkono mmoja mfukoni kwa mazoea. Kijana wa itifaki akanigusa kiwiko bila kuniangalia, mkono ukatoka. Mbele yangu mzee aliyevaa nguo ya kente aliishusha hadi kiunoni, akachomoa miguu kwenye makubazi, akainama. Mzee huyo alikuwa na gari la milioni nyingi nje ya geti. Zamu yangu iliisha kabla sijaona vizuri uso. Niliona pete, na nikaona jicho likinipita kuelekea kwa aliyenifuata.

Kigoda cha Dhahabu chenyewe sikukiona, na Waasante wengi hawajakiona. Hukalii kile, hata mfalme hakikalii. Kina kiti chake peke yake. Simulizi ni kwamba kuhani Okomfo Anokye alikishusha kutoka mbinguni siku ya Ijumaa, enzi za Osei Tutu wa kwanza, na kwamba ndani yake mna roho ya taifa zima. Mwaka 1900 gavana Mwingereza, Frederick Hodgson, alidai aletewe akikalie. Aliyeongoza vita ya kumjibu alikuwa mwanamke, Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu.

Katika historia hii ndimo nilimokutana na watu wa kwetu. Mfalme Prempeh I wa Waasante alikamatwa na Waingereza 1896, katika msafara ambao ndani yake alikuwemo Baden-Powell, yule yule wa maskauti aliyezikwa Nyeri. Mwaka 1900 wakampeleka Shelisheli. Kisiwani wakaletwa Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, na baadaye Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar, naye akapitishwa huko kabla ya kuruhusiwa kuja Mombasa. Waingereza waligeuza kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi kuwa ghala la wafalme. Mwanga alifia huko 1903, Yaa Asantewaa akafia huko 1921, Kabalega akafia njiani akirudi, Jinja. Prempeh ndiye aliyefika nyumbani, 1924. Waingereza wakamjengea nyumba Manhyia, naye akakataa kuingia mpaka Waasante wailipie wenyewe. Ndiyo makumbusho ya leo. Ndani kuna sanamu za wafalme za kimo cha mtu, ukigeuka ghafla unashtuka, na vitu vya Prempeh II: televisheni yake, friji yake nzito. Nilisimama kwenye friji muda mrefu kuliko kwenye panga.

Mwaka 2024, miaka 25 ya utawala wake, miaka 100 tangu Prempeh arudi na miaka 150 tangu jeshi la Waingereza chini ya Wolseley lichome Kumasi na kupora ikulu, Otumfuo alifanikiwa kurudisha sehemu ya kilichoporwa. Makumbusho ya Fowler ya Los Angeles yalileta vitu saba moja kwa moja, virudi kwa mwenyewe. Makumbusho mawili ya London, British Museum na V&A, yalileta 32 kwa mkopo wa miaka mitatu. Sheria za Uingereza zinawazuia kutoa, wanasema. Mwizi anakuazima saa yako, tena kwa maandishi. Wengine hapa walitaka mfalme akatae mkopo. Yeye alipokea, na mimi naona alipiga hesabu kama mhasibu: kitu kilichoko Kumasi ni vigumu zaidi kukiondoa kuliko kukiomba kikiwa London.

Na kuna mpira. Asante Kotoko, klabu yenye nembo ya nungunungu, iko chini ya Asantehene, naye ndiye anayeteua uongozi wake. Wazee wa Yanga wanaikumbuka kwa uchungu: robo fainali ya klabu bingwa Afrika 1969, sare 1-1 huku na 1-1 kule, Kotoko wakapita kwa kura.

Nirudi kwenye kinyongo changu. Kodi ya pango ya ardhi ya kigoda ina mgawanyo wa kikatiba: ofisi ya serikali inachukua asilimia 10 ya usimamizi, kinachobaki asilimia 55 inakwenda halmashauri, 25 kigoda, 20 mamlaka ya jadi. Hesabu safi. Lakini pango lenyewe ni dogo. Pesa kubwa ni ile ya kinywaji, na hiyo, kwa kuwa inaitwa kinywaji, haiingii kwenye mgawanyo wowote. Odikro wa Maame aliuza kiwanja mara mbili kwa sababu hakuna daftari linalomuuliza. Na kigoda kinachomhukumu ndicho kigoda kikuu juu ya ardhi ile ile. Nimeshawahi kuuliza hili darasani, mbele ya wanafunzi wawili ambao ni watoto wa machifu. Mmoja akanijibu kwa upole kwamba nyumbani kwetu Rais ndiye mdhamini wa ardhi na ndiye anayeteua majaji. Sikuwa na la kusema kwa haraka.

Kesi ya Maame ilipewa wazee watatu, haikufika mbele ya Otumfuo mwenyewe. Nyingi za viwanja huishia kwa kamati. Waliagiza upimaji upya, nikaenda uwanjani pamoja na mpimaji wao, kijana hodari mwenye GPS nzuri kuliko ya chuo. Odikro alikuja na mwavuli na watu sita. Tukapiga alama, tukakubaliana kwamba ni ardhi moja. Pendekezo la wazee ni kwamba mwenye nguzo abaki, kwa kuwa ameshajenga, na odikro ampe Maame kiwanja kingine chenye ukubwa ule ule, na odikro huyo huyo alipe faini. Maame hataki. Kiwanja anachoonyeshwa kiko bondeni, na mimi mwenyewe nimeona alama ya maji kwenye shina la mwembe, juu ya goti langu. Kaka yake ameanza tena kutaja kiapo.

Kikao kinachofuata ni baada ya Akwasidae. Nimeambiwa nilete ramani ya miinuko ya lile bonde, nakala tatu.